Jiko Libaki Nje: Kwa Watu wa Pwani Mnaoenda Kulala Garini Mlimani

Nitalisema mwanzo kabisa, ili hata kama wewe ni wa kusoma mistari miwili na kupita, upite nalo: usilale na jiko ndani ya gari. Wala ndani ya hema. Hata kama makaa yamefifia, hata kama umeacha dirisha wazi kidogo, hata kama mwenye kupanga safari amekuapia kwamba "sisi hufanya hivi kila mwaka na hakuna kitu."

Najua mnanishangaa. Mtu wa Malindi aanze kufundisha wenzake baridi? Huku kwetu kusi likivuma Julai na mtu akatoka na sweta, anaulizwa kama ameshikwa na malaria. Baridi yetu ni ile ya kuzima feni na kujifunika leso. Na ndiyo maana naandika. Kijana wa Nyahururu amekua na baridi, anaijua tabia yake kama wewe unavyojua tabia ya bahari. Wewe huwezi kuruka majini pale Mnarani bila kujua kama maji yajaa au yatoka. Lakini wewe huyohuyo wapanda gari Ijumaa jioni kwenda kulala mita elfu tatu na zaidi juu ya bahari, una hudi moja, suruali ya jinzi na leso ya mamako. Bahari waiheshimu kwa sababu waijua. Baridi waidharau kwa sababu hujakutana nayo.

Na sasa tunakutana nayo kwa pesa zetu wenyewe. Siku hizi kila kundi la WhatsApp kutoka Mtwapa hadi Watamu lina bango la safari ya "kulala garini mlimani." HiAce imetolewa viti, imewekwa godoro, taa za kumetameta, mapazia ya kikoi. Au ni Land Cruiser yenye hema juu. Picha ni tamu, na mimi sisemi msiende. Endeni! Nchi ni yetu, na si lazima kila likizo tuimalizie ufukweni tukiangaliana. Tatizo langu ni lile jambo linalotokea saa nne za usiku, wakati mtu anaanza kutetemeka na mwenzake anasema, "Hebu leteni lile jiko ndani kidogo."

Hesabu ambayo bango halikupi

Ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa kama digrii 6 na nusu. Tupige hesabu pamoja. Malindi usiku, tuseme ni digrii 23. Kinangop iko kama mita 2,500 juu ya bahari. Toa 16, umebaki na 7. Hapo HiAce ya kawaida inafika bila shida. Lake Ellis, lile ziwa dogo la Mlima Kenya upande wa Chogoria ambako watu hupanda na magari yenye nguvu na kupiga kambi, liko juu ya mita 3,400. Toa 22, umebaki na digrii 1.

Hiyo ni hesabu ya karatasi tu. Usiku ukiwa hauna mawingu, ardhi hupoteza joto lake haraka, na alfajiri waamka wakuta sakitu: umande umeganda, nyasi zote nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Mawingu ni kama blanketi la dunia. Yakiondoka, dunia inalala uchi.

Ndiyo maana wale wanaodhani hatari ni Julai peke yake wanajidanganya. Julai mlimani kuna mawingu na mvua, na hiyo baridi ya unyevu ni mbaya kivyake. Lakini Januari na Februari, wakati sisi huku kaskazi latukausha na joto la Malindi halilaliki, kule juu anga ni safi na usiku ndio huganda zaidi. Mkulima wa majani chai wa Kericho hahitaji kuelezwa hili. Sakitu ya Januari 2012 ilimchomea majani shambani, na Kericho haifiki hata urefu wa hapo unapotaka kulala wewe.

Kwa hivyo mtu anayetoka kwenye digrii 30 za mchana wa Malindi na kulala kwenye sifuri siku mbili baadaye hajabadilisha mandhari tu. Amebadilisha dunia. Na mwili wake hauna habari.

Jiko linafanya nini hasa

Makaa yakiungua hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikuchomi koo. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kushika ile nafasi ambayo oksijeni ingeshika, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Damu yako inazunguka kama kawaida, lakini haijabeba kitu. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu. Usingizi unakuja mzuri tu. Mtu anasema, "Afadhali, sasa nasikia joto," anageuka upande wa pili, na ndiyo imetoka hiyo.

Sasa sikilizeni hili, manake ndipo wengi wanapokosea. Watu huogopa moshi. Wanaliwasha jiko nje, wanangoja moshi uishe, makaa yawe mekundu matupu, kisha wanaingiza ndani wakijua wamefanya la maana. Moshi si kipimo. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata chembe bado yanatoa ile gesi, na yale yanayofifia taratibu kwa kukosa hewa yanaitoa kwa wingi. Jiko ambalo laonekana limepoa ndilo laweza kukumaliza.

Kila msimu wa baridi habari za bara zinatuletea familia zilizolala na jiko chumbani na hazikuamka. Huwa tunasoma, tunasema pole, tunasonga. Hizo ni nyumba, zina vyumba na nafasi chini ya mlango. Gari lina mita chache tu za hewa, na milango yake ina mpira wa kuzuia vumbi la Tsavo lisiingie. Kama vumbi haliingii, hewa nayo yaingilia wapi?

"Lakini nyanya zetu walilala na moto"

Hili nimeambiwa mara nyingi, na ni hoja ya kujibiwa. Ni kweli, nyanya alipika na kuota moto ndani, na akatuzalia wazazi. Lakini angalia nyumba yenyewe. Paa la makuti lapumua. Ukuta wa udongo na fito una nyufa, na juu kati ya ukuta na paa pana uwazi mkubwa ambao upepo wa bahari unapita usiku kucha. Na hata hivyo moshi uliwaumiza macho na vifua. Ukichukua tabia ya nyumba ya makuti ukaipeleka ndani ya kopo la chuma lenye vioo, umeacha nyuma kile kilichokuwa kikimlinda nyanya.

Hoja ya pili ni ya video. "Mbona wazungu wanalala garini kwenye theluji, ndani wamevaa fulana?" Ndiyo, wanalala. Kanada na Norway kuna magari ya kulala ambayo yanahimili usiku mkali kuliko wowote utakaoukuta Kenya. Lakini hita zao zilizofungwa vizuri huvuta hewa ya kuchomea kutoka nje, na moshi wake hutoka nje kwa bomba lake. Kinachoingia ndani ni joto peke yake. Juu ya hapo wanaweka kengele ya kaboni monoksaidi, kidude cha ukubwa wa kiganja kinachopiga kelele gesi ikianza kujaa. Sisi tuliona picha tukaipenda, tukaiga taa na mapazia, tukaacha bomba na kengele.

Na msiniambie basi tuwashe injini tulale na hita ya gari. Gari lililosimama usiku kucha na injini ikiunguruma linaweza kuingiza moshi wa ekzosi ndani, hasa likiwa limezibwa nyuma na tope au majani. Stovu ya gesi nayo ni ya kupikia, tena nje. Isitoshe, ile mikebe midogo ya gesi ya butane ina kichekesho chake: butane hukataa kugeuka gesi ikifika karibu nusu digrii chini ya sifuri. Utawasha alfajiri upike chai, moto utakuwa kama wa kiberiti. Uliyemtegemea kukupasha joto naye ameshikwa na baridi.

Mwaka jana nilipanda na kundi moja, sitalitaja. Usiku wa kwanza mratibu akaleta jiko hadi mlangoni mwa gari tuliokuwa tunalala watu watano. Nikasema haliingii. Nikaitwa muoga, nikaitwa mama, mmoja akasema nimeharibu raha ya watu. Tulibishana hadi likarudi nje. Tulilala kwa baridi, wallahi sitadanganya. Lakini asubuhi tuliamka wote watano, na waliokuwa wamenuna ndio wa kwanza kupiga picha na jua.

Mimea ya mlimani haina jiko

Ukifika kule juu utaona mimea ya ajabu. Kuna mti mnene kama nguzo, kichwani una majani makubwa kama kabichi. Majani yake yakifa hayaanguki. Yanabaki yameshikana na shina, yamelizunguka kama koti, na hilo koti la majani makavu ndilo linalozuia shina lisigande. Kuna mmea mwingine, lobelia, ambao majani yake yamejipanga kama bakuli na yana maji ndani. Usiku maji ya juu yanaganda, na ile barafu inakuwa kifuniko kinachookoa maji ya chini na kichipukizi kilicho ndani yake. Asubuhi barafu inayeyuka, maisha yanaendelea. Kila usiku hivyohivyo.

Mimea hiyo haina moto wala umeme. Inachofanya ni kushikilia joto la mchana lisiiponyoke. Hili ndilo nataka tulielewe kuhusu kulala penye baridi: mwili wako tayari ni jiko, na unachoma chakula saa zote. Kazi yako ni kuhakikisha joto lake haliendi kwenye chuma, kwenye kioo na kwenye nguo mbichi.

Kwa hivyo tuje kwenye vitendo.

Anza chini, si juu. Sakafu ya gari ni chuma, na chuma kinakunyonya joto usiku kucha. Godoro la sponji peke yake linabanwa na uzito wako. Tandika makaratasi magumu ya maboksi, kisha mkeka, kisha godoro. Watu hubeba blanketi tatu za kujifunika na hawana cha kutandika, halafu wanashangaa mgongo umeganda.

Vioo vizibe. Kata kadibodi, ubandike karatasi ya foili upande mmoja, uziingize kwenye madirisha. Ila acha upenyo upande mmoja. Pumzi za watu watano ni maji, zitaganda kwenye vioo na kudondoka kwenye matandiko, na blanketi likishalowa halina faida tena. Upenyo huo ni wa kutoa unyevu. Usiuhesabu kuwa ruhusa ya jiko.

Kwa nguo, pamba ikilowa ni adui. Jinzi na hudi uliyotembea nayo mchana ina jasho hata kama huioni. Kabla ya kulala badilisha kila kitu, mpaka soksi. Vaa tabaka tatu nyembamba, si moja nene, na boshori kichwani. Na wala hizi si nguo za matajiri. Nendeni mitumbani Kongowea. Majaketi ya baridi yanaletwa na mzigo na hakuna mtu wa Pwani anayeyataka. Mimi nimeshanunua moja kwa bei ya sahani ya pilau.

Kuleni. Usiku wa mlimani si usiku wa kujinyima. Wali, maharagwe, karanga, mahamri yaliyobaki ya safari, chai ya tangawizi yenye sukari. Kisha chemsha maji, nje, ujaze chupa ngumu isiyovuja, uifunge kwa leso, uingie nayo kwenye mfuko wa kulalia, uiweke katikati ya mapaja. Hiyo ndiyo hita yako. Inakaa saa nyingi na haimuui mtu.

Pombe hapana. Inafungua mishipa ya ngozini, wasikia joto usoni huku joto la ndani linatoroka. Muguka nao hautakufunika. Utakukesha tu ukitetemeka, na kukuondolea hamu ya kula siku ambayo chakula ndicho kuni zako.

Tena msipande kwa pupa. Malindi hadi Nairobi peke yake ni kama kilomita 600. Mtu aliyetoka usawa wa bahari alfajiri, akalala mita 3,400 siku hiyohiyo, anaweza kuumwa na ule urefu wenyewe: kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi. Hizo ni dalili zilezile za gesi ya makaa. Sasa mkiwa na jiko ndani mtajuaje ni lipi? Laleni usiku mmoja Nanyuki au Chogoria, mwili ujipange.

Na mjue dalili za mwili kushindwa. Kutetemeka ni mwili unapigana. Mtu akianza kuongea kama mlevi, mikono haishiki, anasahau, au ameacha kutetemeka na bado ni baridi, hapo hakuna mzaha. Mvue nguo mbichi, mfunikeni, mkumbatieni, apewe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, na mteremke. Mkihisi ni gesi, mtoeni nje kwenye hewa mara moja na apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Namba za dharura ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199, bure.

Na gari je?

Gari la Pwani nalo ni mgeni kule. Wengi wetu tunajaza radieta maji ya mfereji, manake kwetu shida ni joto. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na hayaulizi yako ndani ya nini. Usiku mmoja karibu na sifuri pengine hautafanya kitu, lakini baridi ikizidi maji matupu yanaweza kupasua radieta, hata injini. Mwambie fundi amwage maji, aweke kulanti kamili kabla hujapanda. Ni gharama ndogo kuliko kuvutwa gari kutoka mlimani hadi Kilifi.

Kama gari lina tangi na mabomba ya maji, yamwage yote jioni na uache mifereji wazi. Jerikeni usiijaze pomoni, bakisha robo, na ulale nayo ndani. Maji ya chai ya asubuhi yaweke kwenye sufuria kabla hujalala. Yakiganda humo utaweka kwenye moto, lakini yakiganda kwenye jerikeni utayaangalia tu. Betri hupoteza nguvu kwenye baridi, kwa hivyo simu na powabenki zilale na wewe. Na kioo cha mbele kikiwa na barafu, usikimwagie maji ya moto, kitapasuka. Ngoja jua.

Wenye mabango, na sisi wenye kamera

Sasa nirudi kwa wanaochukua pesa. Nataka kila bango la safari ya mlimani liseme mambo manne: tutalala urefu gani, usiku huwa na baridi kiasi gani, matandiko gani yamo kwenye bei, na joto litatoka wapi. Ukimuuliza mratibu maswali hayo akakujibu "kuja tu na vibe," mwambie pesa zako zibaki kwenye M-Pesa. Vijana wengi wanaolipa ni wa miaka 18, 19, wametoka shule jana, wazazi wao hawajawahi kuona sakitu. Wanamwamini anayesema amefanya hivi mara nyingi. Hiyo imani ni dhamana.

Na sisi tunaotengeneza video tusijitoe. Ile picha ya jiko jekundu katikati ya gari, sufuria juu, marafiki wamelizunguka wamejifunika leso, ni nzuri. Hata mimi naiona ni nzuri. Lakini kuna mtoto wa Maweni au wa Bofa ataiangalia mara kumi na kuibeba hadi Kinangop. Piga picha hiyohiyo nje, nyota juu, mlima nyuma. Itatoka nzuri zaidi, na haitamfunza mtu kufa.

Mtumie hii yule rafiki yako anayepanga safari ya Desemba. Na kama wewe ndiwe utakayelala karibu na mlango, basi wewe ndiwe askari. Jiko likija, sema haliingii. Watakuita muoga, utazoea.